Aliyeongea Mgongoni

Jioni ile Etyang alitumwa chumvi tu. Amuron, mkewe, alikuwa na mimba ya kwanza na hasira zake zote, akamwambia pale mlangoni, "Na usikae huko madukani kusifiwa na watu. Mboga iko jikoni." Etyang akacheka, akashika njia ya mtoni kwa sababu ndiyo fupi ya kufika Malaba. Mtu hutumwa chumvi akarudi na balaa, jamani, na wala asijue kama amelibeba.

Hebu kwanza nikuambie huyo Etyang alikuwa nani, maana siku hizi watu wakimtaja hutema mate chini. Alikuwa mvushaji. Miaka ile ya sabini, mambo ya ng'ambo Uganda yalipoharibika, watu walikimbia na watoto na magodoro, na Mto Malaba haukumhurumia asiyejua kina chake. Etyang alikijua. Aliwabeba watu mgongoni, wazee, wajawazito, viwete, akawavusha hadi upande wa Kenya, na asiye na kitu alivushwa bure. Kuna siku wanajeshi walipiga risasi majini, naye akarudi mara ya pili kumchukua mtoto aliyesahaulika kwenye matete. Huyo ndiye Etyang. Ukisikia mtu anasema alizaliwa na roho mbaya, mkatalie.

Wavushaji walikuwa na mwiko mmoja. Katikati ya maji hakuna maneno. Anayebebwa akiongea, mwache aongee, lakini wewe usimjibu mpaka mguu ukanyage mchanga mkavu. Wengine walisema ni kwa sababu mdomo ukishika kazi, mguu husahau yake. Wazee wa kijijini Adungosi walisema si hilo tu. Ukiwauliza ni nini tena, wanakuuliza habari za ng'ombe.

Basi alipofika mtoni jua lilikuwa linazama. Vyura walikuwa wameanza kelele zao.

Wakanyamaza wote.

"Mvushaji..."

Ng'ambo, penye matete, alisimama mama mmoja amejifunika shuka mpaka usoni.

"Mama, giza linaingia," Etyang akapaza sauti. "Ngoja kesho."

"Nivushe, mwanangu. Nimechelewa kufika."

Etyang hakuwahi kumwacha mtu ng'ambo. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake, na fahari hiyo hiyo ndiyo iliyomshika mkono. Akavuka, akachuchumaa, yule mama akapanda. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa mabua. Lakini harufu yake! Machicha ya pombe yaliyooza, yale yanayotupwa nyuma ya nyumba mpaka kuku wanayakimbia. Etyang akaziba pua kwa ndani, kama tufanyavyo sote kwa adabu, akaingia majini.

Maji yakamfika magotini. Yakamfika kiunoni.

Mzigo ukaanza kuwa mzito.

"Etyang," sauti ikanong'ona sikioni.

Hakuwa amemwambia jina lake.

"Etyang, naibu wa chifu."

Akacheka moyoni. Naibu wa chifu alikuwa Mzee Echodu, na Echodu alikuwa hai na mwenye afya, na zaidi ya hayo alikuwa kama baba yake. Ndiye aliyemlea baada ya babake kufa. Ndiye aliyetoa mafahali wa mahari ya Amuron. Etyang akasukuma mguu, akanyamaza.

"Kofia ile ni kubwa kwa Echodu," sauti ikaendelea. "Siku ile ulipoivaa mbele ya kioo, si ilikukaa?"

Etyang akasimama katikati ya maji. Kwa maana ni kweli. Mwezi uliopita, Echodu alipotoka nje kumfukuza mbuzi, Etyang aliichukua kofia ya serikali kutoka msumarini, akaivaa, akajitazama. Alikuwa peke yake chumbani. Hakumwambia mtu, hata Amuron. Na kusema ukweli, ilimkaa vizuri. Tangu siku ile ilikuwa inamjia kichwani kila anapoinama kubeba mtu. Akawa anajiuliza, mimi nitainama mpaka lini?

Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Lini?"

Neno moja tu. Mto wote ukanyamaza, kana kwamba ulikuwa unalingojea hilo.

"Siku atakayopanda hapa nilipo," sauti ikasema.

Etyang akafika upande wa kwao. Akachuchumaa mchangani. "Shuka, mama."

Mzigo haukusogea.

"Mama, tumefika. Shuka."

Akageuza shingo. Hapakuwa na mtu. Mchangani palikuwa na nyayo za miguu miwili tu, na zote ni zake... Lakini mgongo wake, jamani, mgongo haukuwa mwepesi.

Akarudi nyumbani bila chumvi.

Tangu hapo Etyang akaanza kumwona Echodu kwa macho mengine. Mzee anasinzia barazani. Mzee anasahau majina ya watu. Mambo ambayo zamani yalimchekesha sasa yalimkera. Na kila jua likizama, sauti ilimjia sikioni, polepole, kama mtu anayekupepea. Wewe unawabeba, yeye anapigiwa saluti. Wewe unapigwa risasi, yeye anakula kuku wa wenyewe. Mbaya zaidi ni kwamba yote yalikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Uongo mtupu Etyang angeujua. Akaanza kuyasema hayo mwenyewe kwenye vyungu vya pombe, na watu waliomheshimu wakawa wanatikisa vichwa na kusema, kweli, kijana anafaa.

Amuron hakufurahi hata kidogo.

"Mbona unanuka machicha na hujanywa?" akamuuliza.

"Ni jasho."

"Na mbona siku hizi unalala kifudifudi?"

Etyang akavuta shati lake mgongoni.

"Etyang, nani huyo unayeongea naye huko nje?"

"Kwani wewe hutaki kuwa mke wa naibu wa chifu?"

"Mke wa naibu wa chifu!" Amuron akapiga makofi kwa mshangao. "Mimi hata ile chumvi sijaletewa mpaka leo!" Angecheka, lakini aliona macho ya mumewe, akaingia ndani, akakaa kitandani akashika tumbo lake. Aliogopa. Alimpenda mtu yule, na aliona anaondoka akiwa bado amekaa pale pale.

Kisha dadake Echodu, aliyeolewa ng'ambo, akafa. Daraja la mpakani lilikuwa na wanajeshi waliokuwa wakiwasumbua watu, na naibu wa chifu wa Kenya hangepita hapo akarudi salama. Echodu akaacha kofia nyumbani, akavaa shati kuukuu, akaja kwa Etyang asubuhi. "Nani mwingine atanivusha kama si mwanangu?" Etyang akamvusha. Alimbeba vizuri, akamweka chini kama yai. Sauti haikusema neno asubuhi ile, naye akadhani imekwisha. Akamshukuru Mungu, kweli akamshukuru.

Jioni Echodu akarudi kutoka mazikoni. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu na mto umejaa, mwekundu, unabeba magogo. Echodu akapanda mgongoni akiugulia magoti yake.

Wakaingia.

Magotini. Kiunoni. Kifuani.

"Etyang, mwanangu," Echodu akasema juu ya kelele za maji, "kuna jambo nimeliweka siku nyingi. Nataka nikuambie."

Etyang hakujibu. Mwiko ni mwiko.

Hapo ndipo ile harufu ilipomjia. Machicha yaliyooza. Na mgongoni, juu ya Echodu, akahisi mwingine anapanda... taratibu... anajipanga vizuri, kama abiria anayejua kiti chake.

"Sasa," sauti ikanong'ona.

"Ni jambo zuri," Echodu akasema kwenye sikio la pili. "Utafurahi."

"Sasa, Etyang."

Etyang akawaza mafahali. Akawaza mkono wa mzee huyu ulivyomshika begani siku ya maziko ya babake, akiwa mtoto mwenye kamasi. Akasema moyoni, hapana, sitaki. Alisema hivyo, na ni haki nikiri hilo. Lakini pia aliwaza kofia pale msumarini. Na kwamba mto umejaa. Na kwamba hakuna mtu angeuliza.

Aliwaambia polisi mikono iliteleza. Haikuteleza.

Aliilegeza.

Echodu hakupiga kelele. Alisema tu, "Etyang?" Alisema kwa kuuliza, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Halafu maji yakamchukua.

Etyang akasimama pale. Mgongo ulipungua uzito wa mzee tu. Ule mwingine ulibaki.

Mwili ulipatikana huko chini umenasa kwenye matete. Matangani watu walimfariji Etyang kama mtoto wa marehemu, wakimwambia amevusha watu wengi sana, mto nao una siku yake. Alikuwa amekaa kichwa chini wakati Amongin, mjane wa Echodu, alipokuja kukaa kando yake akamshika mkono.

"Alikuambia?" mama akanong'ona.

"Kuniambia nini, mama?"

"Basi hakuwahi." Amongin akajifuta macho. "Alikuwa ameshaongea na Dio, yule mkubwa wa tarafa. Magoti yamemshinda. Kofia alitaka uivae wewe baada ya mavuno. Nikamwambia, mwambie basi huyo mtoto. Akasema hapana, nitamwambia mwenyewe tukiwa njiani, nisikie vile atacheka."

Etyang alilia kilio ambacho watu walikisifu. Walisema hawajawahi kuona mtu akimlilia baba mlezi namna ile. Uchungu uliomshika siku ile sitamtakia hata adui yangu. Kitu alichoua kwa ajili yake kilikuwa njiani kinamjia, kimepanda mgongoni mwake mwenyewe.

Baada ya mavuno alivishwa kofia. Ilimkaa vizuri. Na siku hiyo hiyo sauti ikanyamaza kabisa. Ungedhani ni faraja, sivyo? Yeye alizunguka jioni akiisikiliza, akainamisha shingo, akaita kwa kunong'ona. Sasa alihitaji kuambiwa kwamba alifanya vyema, na hakuna aliyemwambia. Hakumvusha mtu tena. Waliokimbia walipoita kutoka ng'ambo, "Mvushaji...", alifunga dirisha.

Amuron akajifungua mtoto wa kiume.

Jina la mtoto, kwa watu wetu wa kule, halichaguliwi ovyo. Nyanya huchovya kidole katika ajon, ile pombe ya wimbi, akakiweka mdomoni mwa mtoto huku akitaja majina ya waliotangulia mmoja mmoja. Waliokufa tu. Aliye hai hatajwi. Jina ambalo mtoto atanyonya, ndilo lake. Ndiye huyo aliyerudi. Wanawake hupiga vigelegele, na mwenye jina humwagiwa pombe kidogo ardhini, anywe, ajue amepokelewa.

Ilikuwa mchana, jua kali, nyumba imejaa wanawake. Leonida, mamake Etyang, alikaa chini na mjukuu mapajani. Amongin alikuwepo. Etyang alisimama mlangoni na sare yake ya kaki. Alikuwa na ombi moja tu moyoni, na aliliomba mpaka akauma midomo: mtoto anyonye Echodu. Mzee akikubali kuja nyumbani kwangu, atakuwa amenisamehe. Nitamlea. Nitambeba mgongoni mpaka nizeeke.

Leonida akaanza. Akamtaja mumewe. Mtoto akafunga mdomo. Akawataja mababu, wa huku na wa ng'ambo. Mtoto akageuza uso.

"Echodu," Leonida akasema.

Etyang akashika mwimo wa mlango.

Mtoto akalitema tone lile, akalia. Amongin akainama. Leonida akachovya tena, akajaribu tena. "Echodu." Mtoto akalia mpaka akabadilika rangi.

"Sijui anamtaka nani huyu," Leonida akasema, amechoka. Majina yalikuwa yamemwishia. Akachovya kidole mara nyingine, akakipeleka mdomoni mwa mtoto, akakunja uso, nyumba ilikuwa na giza. "Etyang, hebu toka hapo mlangoni, baba, unaniziba mwanga."

Kilio kikakatika.

Mtoto alikuwa amekishika kidole kwa mikono yake yote miwili. Ananyonya. Ananyonya kwa nguvu, macho wazi.

Hakuna aliyepiga kigelegele.

"Mama, kitoe," Amuron akasema. "Mama, tafadhali kitoe!"

"Hataki kuachia," Leonida akanong'ona.

Etyang akajaribu kucheka. "Mama. Mimi si niko hapa?"

Akawatazama wanawake mmoja mmoja. Kila mmoja alitazama chini. Amongin peke yake aliinua uso, akamtazama kwa muda mrefu, halafu naye akajifunika leso kichwani, kama tufanyavyo matangani.

"Si niko hapa, jamani?"

Leonida akampa Amuron mtoto. Akainuka kwa shida, machozi yanamtiririka, akachukua kibuyu, akaja mpaka mlangoni. Alisimama karibu na mwanawe kiasi cha kumgusa, lakini hakumtazama usoni. Alitazama ardhi iliyokuwa mbele ya miguu yake.

"Kunywa, baba," akasema, akaimwaga pombe chini.