Mshale Tulioufuta Kwenye Mchoro wa Lango

Kwanza nilisikia mota ikinguruma, kisha chuma kikikwaruza chuma, kisha sauti ya mtu mzima akimwita mama yake... Nilikuwa nimeinamia kompyuta kwenye kibanda cha yadi moja ya makontena, Kurasini. Kabla sijageuka nilishajua ni nini. Nani angejua zaidi yangu, mie niliyelichora lile lango?

Nina miaka ishirini na tisa, naishi Temeke na mama yangu. Kazi yangu wengi hawaijui. Kabla programu haijaanza kuendesha mashine, mie naichora. Visanduku ni hali: lango liko wazi, lango linajifunga, lango limesimama. Mishale ni njia za kutoka hali moja kwenda nyingine. Mteja akiutazama mchoro anaelewa. Kisha Idrisa, mwenzangu ofisini na mchumba wangu, anaugeuza kuwa hesabu, na kompyuta inapita kila njia ikitafuta kama ipo hata moja ya kumdhuru mtu. Ikiikosa, tunaandika chini: imethibitishwa.

Niliipenda kazi hii kama wengine wanavyopenda mashairi.

Swali la lango lilikuwa moja tu. Je, linaweza kujifunga mtu akiwa kwenye reli? Kompyuta ikajibu, linaweza. Ikatuonyesha na njia yenyewe: umeme unakatika, umeme unarudi, lango linaanza kujifunga kabla ya kuliuliza lile jicho lake la kutambua mtu.

Katika jiji hili, nani hajazoea umeme kukatika? Na pale yadi ukikatika, mlinzi, Mzee Likwata, husimama kwenye reli na kulisukuma lango kwa bega ili malori yasikwame. Nilimwona kwa macho yangu. Alinitania, "Dada wa mishale, nami nichore basi. Nitoshee kwenye kisanduku na tumbo hili."

Kurekebisha kulitaka sehemu ya programu iandikwe upya, na mteja alishaalika wageni wa uzinduzi. Idrisa akafuta mshale mmoja, ule wa umeme kurudi. Hakuugusa kwenye programu... aliufuta kwenye mchoro. Akaendesha hesabu tena, jibu likaja la kijani: imethibitishwa.

"Umerekebisha au umefuta?" nilimwuliza.

"Zuhu, hiyo ishu ndogo. Tukabidhi kwanza, tutarekebisha tukiwa kule kule. Au unataka sie ndio tuwe wachelewaji kila siku?"

Kompyuta haikudanganya. Ilithibitisha kwa uaminifu kabisa lango ambalo halipo duniani. Nami nilijua hilo, na nikaweka sahihi yangu. Kwa nini? Kwa sababu posa ilishajibiwa nyumbani? Kwa sababu nilimpenda? Kila nikikumbuka natamani kutema mate.

Tulikabidhi. Hatukurekebisha. Haukupita mwezi, ikaja siku ile ya kelele: lango likambana Mzee Likwata, na hospitali wakamkata mguu wa kulia, chini ya goti.

Nilikwenda hospitali. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Walituambia lina akili hili. Umeme uliporudi nikajua litaniona."

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana...

Siku mbili baadaye, jioni, Idrisa alikuja nyumbani na mfuko wa machungwa ya mama. Alishaandika ripoti: mlinzi alikiuka utaratibu kwa kusimama kwenye reli. Kwangu alitaka kitu kimoja, nifute nakala yangu ya mchoro wa kwanza, ule wenye mshale. Aliomba taratibu, kama anayeomba chumvi mezani.

"Yule ni mzee, Zuhu. Hata hivyo alikuwa anastaafu."

Nilimtazama akimenya chungwa, maji yakimtiririka vidoleni. Mikono hii ndiyo ingenivisha pete? Nikamwambia mchoro nimeshautuma mchana ule kwa mwenye yadi na kwa binti wa Mzee Likwata, pamoja na barua yenye jina la Idrisa na langu. Na kazi nimeacha.

Wasomaji wenzangu, hesabu ikikataa, rekebisheni mashine. Msiuguse mchoro. Na mtu akikuomba ufumbe macho kazini kwa jina la mapenzi, usidhani ataomba mara moja tu. Mie nilifumba, na mtu asiyejua hata mshale ni nini sasa anajifunza kutembea kwa magongo. Barua yangu haitamrudishia mguu. Itamwondolea uongo tu. Nawasihi, msisubiri kufika hapo.

Idrisa hakugombana. Alijifuta vidole kwa kitambaa cha meza, akaniita mjinga, akainuka. Mama, aliyekuwa jikoni akisikia yote, alitoka na ule mfuko.

"Baba, umesahau machungwa yako."

Akamkabidhi, akangoja avae viatu na kuvuka kizingiti, kisha akafunga mlango.