Walisema Alibadilishwa kwa Farasi

"Mama, watu wa klabu wamepiga simu tena," Rakan alisema, hata miwani ya jua hajavua. "Wameandikishwa farasi watano tu. Wasipofika wanane, mbio zako zinafutwa. Tena si mwaka huu tu, zinafutwa moja kwa moja."

Wadha hakuinua uso. Alikuwa ameinamia trei za jamid, mtindi wa kondoo unaokaushwa, akibonyeza kila donge kwa kidole gumba kuona kama limekauka.

"Afadhali zifutwe," Rakan aliendelea. "Zile hela tuweke tangazo barabara ya Amman. Farasi wanatuuzia nini? Farasi hawali mansaf, hawanunui jamid ya kuungia wali na nyama."

"Wanaokula mansaf ndio wanaokuja kuangalia farasi."

"Wanaokuja ni wazee wachache na mikongojo yao."

"Na wewe utazeeka, mwanangu. Utakuja tu."

Wadha alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, na kile kiwanda cha jamid nje ya Madaba alikianza kwa sufuria moja na kondoo wa kuazima. Mwaka wa mbio hizi aliwashangaza wote alipokwenda kwenye klabu ya mbio na kusema atadhamini mashindano ya farasi wa Kiarabu halisi, waliozaliwa na kulelewa kwenye nyumba za hapa hapa. Mabwana wa klabu walicheka kidogo. Mbio kubwa zilikuwa na wadhamini wa benki na wa simu. Sasa huyu mama anataka bango la maziwa ya kondoo. Lakini hela haikataliwi, wakampa nafasi na sharti lao la farasi wanane.

Yeye alijua anachokitafuta. Alipokuwa msichana, kila nyumba ya uwanda ule ilikuwa na farasi jike mmoja aliyependwa kuliko mashamba. Ngano ikishavunwa, vijana walikimbiza farasi kutoka kisimani hadi kilimani, na mshindi alifungiwa kitambaa chekundu shingoni mwa farasi wake, basi, hapakuwa na zawadi nyingine, na watu waliongelea mbio zile mpaka mvua. Siku hizi farasi waliuzwa kwa matajiri wa Ghuba mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kumlisha farasi asiye na mashindano ni kutupa shayiri. Wadha alitaka kuwapa watu sababu ya kutouza.

"Baba Talal ana majike wanne," alisema hatimaye.

Rakan akacheka. "Yule mzee? Hajapeleka farasi uwanjani maisha yake yote. Wameshamwomba mpaka wamechoka."

"Mimi sijamwomba."

"Na wewe ni nani kwake?"

Wadha alifuta mikono kwenye aproni, akachukua funguo za gari.

*

Jina lake hasa ni Nawaf. Baba Talal walimwita tu kwa heshima, maana kwetu mtu mzima haachwi bila jina la mtoto, hata kama huyo Talal hajawahi kuzaliwa. Nawaf hakuoa. Wadha alimkuta bandani anamsugua jike la kijivu mgongoni, na alipomwona amesimama mlangoni, brashi ilimwanguka.

"Mama Rakan."

"Baba Talal."

"Kuna msiba?"

"Mtu hawezi kuja kwako bila msiba?"

"Zaidi ya miaka thelathini hukuja. Nifikirie nini?"

Wadha alijikaza, akaeleza mambo ya klabu na wale farasi watatu waliopungua. Nawaf alisikiliza huku anaokota brashi taratibu.

"Nimesikia juu ya udhamini wako," alisema. "Watu wanaziita mbio za jamid."

"Waite watakavyo, mradi zikimbiwe. Niletee majike wako watatu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Hawa siwakimbizi, Wadha. Niombe kingine."

Kusikia jina lake kinywani mwa mtu yule, bila Mama Rakan mbele yake, kulimwasha kifua. Hasira aliyoifunga tangu usichana ikafunguka.

"Kweli, usiwakimbize. Watachubuka. Si ndio bei yangu hao?"

"Bei gani?"

"Nawaf, usinifanye mtoto. Ulikuja kuniposa. Binamu yangu akasema ana haki yake, kwamba kwa desturi anaweza kumshusha bibi harusi hata akiwa ameshapanda farasi. Wewe ukapewa Rim, farasi wangu niliyemlea kwa chupa mama yake alipokufa. Ukampokea, ukatulia. Hawa wote si uzao wa Rim? Walinibadilisha kwa farasi, na wewe ukaona biashara nzuri."

Nawaf alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Uso ulimbadilika kabisa.

"Nani alikwambia hayo?"

"Dahham. Kaka yangu mwenyewe."

"Dahham ndiye aliyemleta Rim hapa. Aliniambia, 'Wadha anakusalimu. Ameridhika na binamu yake. Amekupa huyu uwe na kumbukumbu, na anakuomba uache kuzunguka nyumba yetu.' Nikaacha. Ningefanya nini? Wewe mwenyewe umeniomba."

"Mimi? Mimi nilikuwa nimefungiwa chumbani, sili wala sinywi."

Jike la kijivu likapiga kwato na kusukuma bega la Nawaf kwa pua.

Wadha akatoa simu, akapiga, akaiweka spika.

"Dahham, kaka yangu."

"Wadha? Mzima wewe? Rakan mzima?"

"Wazima wote. Niambie kitu kimoja. Rim alipelekwa na nani kwa Nawaf?"

Upande wa pili kulisikika televisheni, kisha ikazimwa.

"Umekula nini leo wewe? Mambo ya zamani hayo."

"Jibu, Dahham."

"Mimi nilimpeleka. Ungefanyaje? Wewe unalia ndani, yule mwendawazimu anazunguka nje, binamu yako anasafisha bunduki. Pangemwagika damu. Nikaona kila mmoja nimpe neno la kumtuliza."

"Ulitutuliza miaka thelathini."

"Wadha, nisamehe. Kila nikimwona barabarani nageuza gari."

"Geuza tena tu, maana yuko hapa anakusikia."

Akakata simu. Machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni na hakuyaficha. Mume wake, yule binamu, hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu. Alimtunza, akampa Rakan. Lakini usichana wake ulikuwa umebaki pale bandani unakula shayiri, na yeye hakujua.

"Sasa kwa nini huwakimbizi?" aliuliza. "Ungeshinda kila mwaka."

"Wewe umedhamini mbio na hujui wanavyotangaza farasi? Wanataja ukoo wa mama mpaka mwanzo. Binti wa fulani, binti wa fulani, mpaka wafike kwa Rim, na Rim ni wa nani. Jina lako lingepita kwenye spika mbele ya watu na mumeo amekaa jukwaani. Ningekutia aibu nyumbani kwako."

"Kwa hiyo ukanyamaza muda wote huo."

"Nilikuwa na kazi ya kulisha farasi. Siku zinakwenda."

Wadha alicheka huku analia, akamshika yule jike paji la uso.

"Mume wangu yuko kaburini, na mimi sina cha kuficha. Walete. Waache wataje."

*

Siku ya mbio upepo ulirusha vumbi mpaka bango la jamid likang'oka upande mmoja. Watu walikuja kuliko klabu ilivyotegemea, wengine wamekuja kuamini kwa macho yao kwamba Baba Talal ametoa farasi. Mtangazaji alisoma ukoo kama desturi, na alipofika kwa yule wa kijivu akasema: "...binti wa Rim, aliyelelewa kwa mkono wa Wadha binti Mutib." Wadha, kwenye kiti cha mdhamini, aliangalia miguu yake. Alijiona msichana juu ya paa, anachungulia kitambaa chekundu kitakwenda kwa nani.

Yule wa kijivu alishika nafasi ya tatu. Kombe likaenda kwa familia moja ya Jiza iliyokuwa imeshapanga kumuuza farasi wao, na baba wa nyumba alilipokea akiwa anasema tu, "Hauzwi, hauzwi tena." Mkuu wa klabu akamfuata Wadha kuuliza kama mwakani ataongeza mbio za pili.

Jioni ile simu ya Wadha ikalia, ujumbe wa Nawaf.

"Nataka kuja na wazee Ijumaa. Kama hutaki niambie sasa, nianze kuzoea mapema."

Akajibu: "Mimi nataka. Tatizo ni mwanangu."

Na kweli lilikuwa tatizo.

"Watu watasema ulidhamini mbio ili upate mume," Rakan alisema, akizunguka sebuleni kama aliyepoteza kitu.

"Na wakisema?"

"Mama, una miaka hamsini na mbili."

"Najua, nilikuwepo. Nimewapikia watu jamid maisha yangu yote, Rakan. Sasa nataka wa kula naye."

"Mimi je? Hatuli wote?"

"Wewe unakula umesimama, simu mkononi."

Rakan alikwenda zake kiwandani, na mpaka Ijumaa alimsalimia mama yake tu, basi.

*

Wazee walikuja saa kumi, wamevaa majoho yao ya heshima, na Nawaf katikati yao amenyoa mpaka anang'aa. Wadha alikaa chumba cha pili na wanawake, mlango wazi kidogo. Rakan, kama mwenye nyumba, aliwamiminia kahawa.

Mzee aliyeongoza msafara alipokea kikombe chake, akakiweka chini bila kukigusa mdomoni. Wenzake wakafanya vivyo hivyo. Kwetu ndivyo posa inavyoombwa: kahawa hainywewi mpaka mwenye nyumba asikie haja ya wageni, na akiwaambia wanywe, amekubali; neno hilo halirudi. Rakan alikulia mjini, kwenye migahawa ya kahawa ya vikombe vya karatasi. Wadha akausogelea mlango, akihofu kwamba kijana hajui desturi hiyo.

Mzee akakohoa. "Mwanetu Rakan, sisi tumekuja kwenu leo..."

"Ami, kunyweni kahawa," Rakan akamkatiza. "Inapoa."

Mzee alikodoa macho. Kisha, haraka kabla kijana hajazinduka, akanyakua kikombe na kukimaliza kwa mkupuo mmoja, na wazee wote wakanywa, wengine wakiungua ulimi.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema. "Umetupa bila hata kutusikiliza."

Wanawake chumbani walishikana mikono. "Masikini, hajui alichosema," mmoja alinong'ona. Wadha alisimama, alitaka kutoka amwambie mwanawe ukweli, kwani hakuweza kuolewa kwa kosa la mtoto. Simu ikatetemeka mkononi mwake. Ni Rakan, anaandika huku amekaa mbele ya wageni.

"Mama, mimi si mjinga. Najua kahawa ile ni ya nini. Ningewaacha wamalize maneno yao ningelia mbele ya wazee."

Wadha aliusoma mara mbili. Kisha, kabla wanawake hawajajua kinachoendelea, bibi harusi mwenyewe akapiga kigelegele.