Farasi Aliyeitwa Ndete

"Ndete ndiye nani hapa?" Matheka aliuliza, karatasi mkononi.

Kamati ya harusi ilikuwa imejaa sebuleni kwa Mama Ndunge, mamake bibi harusi, mtaani Donholm, Jumapili mchana baada ya kanisa, watu kumi na wanne na vikombe vyao vya chai. Matheka, mwimbaji wa kwaya na katibu wa kamati, alikuwa amemaliza kusoma orodha aliyoiandika bwana harusi Kimanzi: sufuria za kukodi, keki, gari la maharusi. Kisha akageuza karatasi aone kama nyuma kuna zaidi. Kulikuwa na zaidi.

"Hii ni Kizungu. Ngoja niwatafsirie wazee," akasema, maana alipenda sana sauti yake. "'Hongera, Kimanzi. Ndete amezaa salama. Baba wa mtoto ni Munyoki.'"

Mzee Munyoki, babake Kimanzi, mchonga vinyago, aliweka kikombe chini.

"'Ndete ana kifua kipana na miguu mifupi yenye nguvu,'" Matheka akaendelea, ulimi ukiwa umeitangulia akili. "'Ni mkali, lakini hutulia akilishwa vizuri. Anaweza kuzalishwa mara mbili zaidi kabla ya kustaafu.'"

"Matheka, nyamaza!" Kimanzi alipiga kelele.

Maji yalikuwa yameshamwagika. Vijana walimjua mwenye nyumba kwa jina la Mama Ndunge tu, lakini wazee wote mle ndani walijua kwamba jina alilozaliwa nalo ni Ndete. Mama aliinuka taratibu, akajifunika uso kwa leso, akaingia chumbani na kufunga mlango.

"Ni farasi," Kimanzi akasema. Masikio yalikuwa yanamwaka. "Ni farasi tu. Wa kompyuta."

Mzee Munyoki alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Umempa farasi jina la mama mkwe wako?"

"Ndio, baba."

"Na mwingine ukampa langu?"

"Ndio, baba."

"Halafu ukawapandisha?"

Kimanzi alitazama viatu vyake.

"Nimechonga simba, twiga na tembo miaka thelathini," mzee akasema. "Hakuna hata mmoja niliyempa jina la mtu. Simama twende nyumbani."

Msomaji, kama wewe si Mkamba huenda unacheka. Cheka, lakini jua hivi: kati ya mwanamume na mama mkwe wake kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima na ni aibu kwa pamoja. Hamkai meza moja, hamtazamani usoni, na jina lake hulitamki hata ukiota. Kimanzi alikuwa amelitamka, akaliandika, akalisajili Uingereza.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Kimanzi alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kidogo mtaani Baba Dogo, na kompyuta ya ofisi ilikuwa na intaneti. Siku moja aliingia kwenye mchezo wa Wazungu wa kufuga farasi. Unachagua dume na jike, unawapandisha, na baada ya siku kadhaa unaletewa barua kwamba mtoto amezaliwa, na sifa zake zote. Kimanzi aliwapenda farasi wa Wales, poni wadogo wa milimani na wale wakubwa wenye miguu minene waitwao kobu. Barua zote alizichapisha, na kwa kuwa karatasi ya ofisi haitupwi, migongo yake ndiyo aliyokuwa akiandikia mambo ya harusi.

Jumatatu simu ya ofisi ililia. Oketch, waliyekuwa wakikaa naye meza moja, aliipokea kisha akamnyooshea.

"Ni Ndunge. Bwana, jikaze."

"Hallo, Ndunge?"

"Zile Jumamosi zote uliniambia ni ovataimu, ulikuwa unazalisha farasi?"

"Ndio."

"Miaka miwili?"

"Ndio. Nilikuwa naona haya kukwambia."

"Uko nao wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

Sauti ya Ndunge ilikuwa imeshuka.

"Na mimi niko kati yao?"

"Hapana! Wewe singeweza kukufanyia hivyo."

"Lakini mama yangu uliweza."

Kimanzi alitamani stoo nzima imwangukie.

"Nitamuuza," akasema mwishowe.

"Utamuuza mama yangu kwa Wazungu?"

"Basi... jina halibadilishwi, Ndunge. Mchezo haukubali."

"Hata mimi sikubali. Tangu jana mama ametoka chumbani kwenda kazini tu, hasemi na mtu. Watu wa kanisa wanaulizana Ndete amezaa nini. Mpaka mama aseme neno, hakuna harusi. Na usinipigie."

Simu ikakatika. Oketch alijifanya anapanga risiti, lakini uvumilivu ulimshinda.

"Niaje, mfugaji?"

"Niache, Oketch."

"Wee ni fala, buda. Hata sisi kwetu jina la mathee wa mchumba hatulichezei. Si ungemwita Rose?"

"Nilitaka jina la heshima."

"Basi enda uwaambie hivyo. Hapa unaiambia stapler hii ya mezani."

Kwa siku tano Kimanzi alikuwa kichekesho cha mtaa. Alipopita kwa wachongaji wenza wa babake, mmoja alilia kama farasi na wengine wakaangua kicheko. Mzee Munyoki hakucheka. Siku ya Ijumaa alimwita mwanawe kando.

"Kesho utapeleka mbuzi na blanketi. Hiyo ndiyo desturi, nitakusaidia kuvipata. Lakini maneno ni yako. Na usimwambie mama wa watu ni farasi tu."

Jumamosi asubuhi Ndunge ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amekonda uso, na Kimanzi akajua ni yeye aliyemkondesha.

"Mbuzi yuko wapi?" Ndunge akauliza.

"Nimemfunga getini, na blanketi mgongoni mwake."

"Mama yuko jikoni, nyuma ya pazia. Simama hapa kwenye korido, upe jikoni mgongo. Useme kwa sauti, na useme ukweli."

Kimanzi aligeuka akatazama ukuta. Mikono haikujua pa kukaa.

"Mama, ni mimi Kimanzi. Nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa nini mimi?" sauti ikauliza kutoka nyuma ya pazia. "Majina yameisha Kenya hii?"

Ilikuwa mara ya kwanza mama huyo kumsemesha.

"Mwaka juzi nilipougua taifodi, uliniletea uji siku kumi na mbili. Ndunge alikuwa akiuleta kwenye flaski nyekundu. Nilipopona sikuweza kuja kukushukuru, kwa ajili ya nthoni. Wiki hiyo hiyo akazaliwa farasi wa kwanza niliyemzalisha mwenyewe, mzuri kushinda wote. Nikatafuta jina la mtu ninayemheshimu, nikaona ni wewe."

"Na Munyoki?"

"Munyoki alikuja baadaye, dume langu la kwanza. Walikuwa wanafaana, mama. Kwa... kwa mifupa."

Ndunge alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Hukufikiria?" mama akauliza.

Kimanzi angeweza kusema hakufikiria. Ingekuwa rahisi.

"Nilifikiria, mama. Nilijua ni vibaya. Nikajiambia hakuna atakayejua."

Jikoni kifuniko kikarudishwa juu ya sufuria iliyokuwa ikichemka.

"Sikiza," mama akasema. "Tangu Kisilu, babake Ndunge, anikufie ni miaka tisa. Yeye ndiye wa mwisho kuniita Ndete. Kanisani ni Mama Ndunge, kazini Mama Ndunge. Siku ile nikasikia Ndete, Ndete, mbele ya watu, machozi yakanijaa. Nilikimbia chumbani wasinione nikilia. Lakini usijidanganye kwamba hukuniaibisha. Umeniaibisha sana. Huyo mbuzi nitamla mpaka mchuzi."

"Ndio, mama."

"Ana rangi gani?"

"Mbuzi, mama?"

"Ndete."

"Kahawia iliyoiva, na alama nyeupe usoni. Ameshinda maonyesho sita."

"Sita," mama akarudia polepole. "Na huko kwenu hakuna dume linaloitwa Kisilu?"

"Hapana, mama."

"Basi litafute kabla ya harusi. Siwezi kwenda kanisani kuoza binti huku Ndete akikaa na mume wa watu."

Ndunge alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. Kimanzi hakujua kama acheke au alie, kwa hiyo alifanya yote mawili, uso ukiwa ukutani. Ndunge akamshika mkono. Hakumwangalia, lakini hakuuachilia.

Jumatatu, saa ya chakula, Kimanzi alimwandikia bibi mmoja wa Wales waliyekutana naye kwenye mchezo, akamwomba dume changa la kobu ambalo bado halijapewa jina. Bibi akajibu: "Nitakupa. Utamwitaje?"

"Kisilu," Kimanzi akaandika. "Mama mkwe ameamuru."

Harusi ilifungwa Desemba. Mama alikaa upande wake na Mzee Munyoki upande wake, na Matheka alipewa kazi ya kuimba tu, asikaribie karatasi yoyote. Wakati wa zawadi Kimanzi alimpa mke wake barua iliyokunjwa. Ndunge akaenda kumsomea mamake sikioni: "Hongera. Ndete amezaa salama. Baba wa mtoto ni Kisilu. Mtoto ni jike. Hana jina bado."

Mama alijipangusa macho kwa leso ile ile. Kisha akamnong'oneza bintiye kitu kirefu kidogo.

Ndunge alirudi kwa mume wake akiwa amenuna nusu na kucheka nusu.

"Amesemaje?" Kimanzi akauliza.

"Amesema binti wa Ndete na Kisilu anajulikana jina lake. Uandike Ndunge." Akamsogelea zaidi. "Na siku nitasikia umenitafutia dume, utalala stoo Baba Dogo."

Kimanzi aliinamisha kichwa mbele ya wageni mia tatu, masikio yakimwaka upya.

"Ndio, mke wangu," akasema.