Nguo Inayosimamisha Msumeno

Ijumaa ni siku ya kufua. Hapa karibu na Ekerenyo, wanawake wa Kisabato hushuka mtoni mapema. Jua likizama hakuna kufua tena, hata kama mume atakwenda kanisani na kola nyeusi kama sufuria.

Tryphosa alikuwa anafua suruali ya mume wake, Angwenyi. Alipoigeuza, aliona imepasuka juu ya goti. Akaingiza kidole. Kidole kikatokea upande wa pili, kikamsalimia.

Tryphosa alikuwa mtu wa kuuliza. Mama yake alisema alizaliwa akiuliza mkunga anatoka kijiji gani. Alirudi nyumbani na suruali ile ikiwa bado mbichi.

"Baba Gesare, suruali hii imeliwa na nini?"

"Seng'enge," Angwenyi alijibu. Alikuwa anakunywa uji na hakuinua macho.

"Seng'enge ya nani?"

"Ya watu."

"Seng'enge huvuta uzi. Huu haukuvutwa, umekatwa. Na hapa pembeni kuna oili. Siku hizi watu wanatia seng'enge oili?"

Angwenyi aliweka kikombe chini. Akachukua kitu kilichoning'inia ukutani, kama vikombe viwili vyeusi vilivyounganishwa kwa ukanda. Akavivaa masikioni. Akaendelea kunywa uji.

Hivyo vilikuwa vifuniko vya masikio. Vilitengenezwa kwa ajili ya kelele za msumeno wa injini. Angwenyi aliona vinafaa zaidi kwa kelele za mke.

Angwenyi alikuwa mpasua mbao. Miaka mingi alipasua kwa msumeno wa mkono. Yeye alisimama ndani ya shimo, mwenzake alisimama juu, na vumbi la mbao lilimwangukia kichwani. Alifanya kazi hiyo bila viatu wala shati, na hakuumia.

Mwaka wa 1972 mambo yalibadilika. Chai ilikuwa imefunika vilima, na viwanda vya chai vilitaka kuni nyingi za mikaratusi. Wapasua mbao wa kijijini walijiunga wakanunua msumeno wa injini kutoka Kisii. Angwenyi ndiye aliyechaguliwa kuushika.

Fundi wa mashine aliuleta mwenyewe. Jina lake lilikuwa Ouma, mtu wa ziwani aliyefanya kazi Kisii mjini. Alimfundisha Angwenyi kuuwasha, kuunoa na kuuzima. Alimwachia pia sanduku la nguo za kazi. "Vaa zote," alisema. "Kila siku." Kisha akarudi Kisii.

Sanduku lilifika nyumbani. Na kwetu kitu kizuri hakikai sandukuni.

Viatu vilikuwa vizito, na mbele vilikuwa na chuma ndani. Angwenyi alivitia rangi, akaviweka kwa ajili ya kanisa. Glavu alizichukua Tryphosa, akakatia majani ya ng'ombe. Kofia ngumu iliwekwa jikoni. Kuku mmoja mwenye akili aliiona ni kiota, akataga. Miwani ya kazi ilipotea, ikaonekana, ikapotea tena.

Zilibaki kinga za miguu. Hizi zilikuwa vitambaa viwili vizito, virefu kutoka kiunoni mpaka kwenye kifundo. Mtu huzifunga mbele ya miguu kwa mikanda. Angwenyi alizishika, akaona ni nene na zina joto. Akamkumbuka mama yake, Nyamusi, aliyekuwa akiumwa magoti asubuhi za ukungu. Akampelekea.

Je, huyo si mtoto mwema? Ni mwema. Lakini wema wake haukumzuia kuingia msituni na suruali moja nyepesi.

Ijumaa ile Tryphosa hakuondoka pale mezani. Alivua vile vifuniko kutoka masikioni mwa mumewe, polepole, kama mtu anayemenya yai.

"Nionyeshe mguu."

Angwenyi alivuta kaptura juu. Kulikuwa na mstari mwekundu juu ya goti, mwembamba kama kucha ya paka.

"Uliruka kidogo tu," alisema. "Ncha ya msumeno iligusa tawi."

Tryphosa aliinama, akaugusa mstari ule. Aliujua mguu wa mtu. Pale pajani hupita mshipa mkubwa wa damu. Na aliijua barabara ya kwenda hospitali ya Kisii wakati wa mvua. Damu isingengoja gari litoke kwenye matope.

"Fundi alisema uvae kinga za miguu," alisema.

"Mama anazo."

"Mwombe."

"Nimwombe mama nguo niliyompa mwenyewe? Wewe umewahi kusikia mtu akimvua mzazi wake? Hiyo ni laana ya kununua. Mwombe wewe basi."

"Mimi? Mke wa mtoto nimwambie mama mkwe afungue nguo za miguuni?"

Wote wawili walicheka kidogo, kisha wakaacha. Kweli, hakuna hata mmoja aliyeweza.

"Na tena," Angwenyi alisema, "hebu fikiri. Msumeno ule unamaliza mkaratusi kabla hujapiga chafya. Utashindwa na kitambaa?"

Swali hilo lilimwingia Tryphosa kama jiwe kwenye kiatu. Siku ya Sabato mchungaji alihubiri juu ya Nuhu na safina. Tryphosa alikuwa anawaza kitambaa.

Siku ya Jumatatu Ouma alikuja kuukagua msumeno. Kabla hajashusha mkoba wake, Tryphosa alikuwa mbele yake.

"Karibu, fundi. Kitambaa kinawezaje kusimamisha msumeno?"

Ouma alicheka. "Mama, hata maji sijanywa!"

"Maji yanakuja. Jibu linakuja?"

"Haya. Umewahi kuona baiskeli ikimla mtu suruali?"

"Mara nyingi. Mnyororo unashika suruali hapa chini."

"Na baiskeli inafanya nini?"

"Inakwama. Mtu anaanguka na ndizi zake."

"Basi. Msumeno wa injini nao una mnyororo, na mnyororo huo huzungushwa na gurudumu dogo la meno. Ndani ya kinga ya mguu kuna tabaka nyingi za nyuzi ngumu, hazikushonwa kwa kubana. Meno ya msumeno yakigusa, hayakati nyuzi moja moja. Yanazivuta. Nyuzi zinaingia kwenye lile gurudumu, zinajizungusha, zinalisonga. Mnyororo unakwama."

"Kama mlafi aliyemeza katani," Tryphosa alisema.

"Kabisa. Nina kinga za zamani hapa mkobani. Nitakuonyesha. Na mzee wako yuko wapi? Anavaa zake?"

Tryphosa alitazama kulia na kushoto. Kisha akamweleza yote, hata habari za kuku. Ouma aliacha kucheka Tryphosa alipofika kwenye mstari mwekundu.

"Asipokuwa na kinga, msumeno huu narudi nao Kisii," alisema. "Sitaki kuja hapa kwenye matanga."

"Usiudhike, fundi. Hizo kinga zako za zamani usinionyeshe mimi. Nenda umwonyeshe mama mkwe wangu. Ana migomba mizuri mbele ya nyumba."

Nyamusi hakuwa mtu wa kukosa jambo la kutazamwa. Aliposikia msumeno utawashwa uani kwake, alitoa kigoda, akakaa. Kinga za miguu alikuwa amezifunga juu ya magoti, juu ya gauni, na joto lilikuwa linampendeza. Angwenyi alisimama kando, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Ouma alianza kuvaa. Alivaa viatu vya chuma, na kinga zake mwenyewe za miguu, akikaza kila mkanda. Alichomeka shati ndani ya suruali. Akavaa glavu.

"Unaoa leo?" Nyamusi aliuliza.

"Hapana, mama. Nataka kubaki mzima ili nioe kesho." Aliinua kofia. "Hii ni kwa ajili ya tawi linalokatika juu bila kupiga hodi. Miwani ni kwa ajili ya vibanzi. Na hivi vya masikio ni kwa ajili ya kelele. Kelele ya msumeno inaua masikio kidogo kidogo. Yakifa hayafufuki."

"Mwanangu anavyo," Nyamusi alisema. "Anavivaa mke wake akisema."

Tryphosa alitazama chini. Angwenyi alitazama mbali.

Nyamusi alionyesha mgomba. "Kata huu, umeshazaa. Na ule wa pili nao umezaa. Lakini ule wa tatu ukiugusa, utarudi kwenu ziwani kwa miguu."

Ouma aliwasogeza watu wote nyuma, mbali. Akawasha msumeno. Akaushika kwa mikono miwili, akausogeza kwenye mgomba wa kwanza. Sauti haikubadilika hata kidogo. Mgomba ulilala chini, na maji yakatiririka kwenye kisiki.

Mgomba ni laini na una maji ndani, kama mtu.

Ouma aliuzima msumeno. Alitoa mkobani zile kinga za zamani, akazifunga kwenye mgomba wa pili. Kisha akawasha tena. Meno yaligusa kitambaa. Injini ilikohoa. Nyuzi nyeupe ziliruka kila upande kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa. Mnyororo ukasimama.

Nyamusi aliinuka kwenye kigoda.

"Ngoja, mama, nizime," Ouma alisema. Akazima. Akafungua kinga. Ngozi ya mgomba ilikuwa na mchubuko tu.

Nyamusi aliupapasa mgomba. Akazivuta zile nyuzi zilizojaa kwenye msumeno. Akainama, akatazama magoti yake mwenyewe.

"Na hizi zangu ni hizi hizi?"

"Ni hizi hizi, mama."

"Angwenyi! Njoo hapa. Ulinipa nguo hizi ili magoti yangu yasione baridi. Magoti yako yataona nini?"

"Mama, nilichokupa ni chako. Siwezi kukichukua."

"Nani amesema uchukue? Ni changu, umesema mwenyewe. Na kitu changu nampa ninayemtaka." Alifungua mikanda pale pale. "Shika. Nimekupa mimi mama yako. Na ukinirudishia, hiyo ndiyo laana."

Alimfunga kwa mikono yake, huku akilalamika kwamba mtoto aliyezaliwa mwembamba vile ameota kiuno cha chifu. Tryphosa alikimbia nyumbani. Alirudi na blanketi la sufu, akamfunika mama mkwe magotini. Blanketi halisimamishi msumeno, lakini Nyamusi hakuwa na mpango wa kukata mti.

Ouma alimgeukia Angwenyi.

"Sikiliza, ndugu yangu. Nguo hii haigeuzi mguu kuwa chuma. Inakupa nafasi tu. Shika kwa mikono miwili. Usikate kwa ncha, maana ncha ikigusa kitu, msumeno unakurukia. Ukitembea, zima. Na kinga ikikatwa mara moja, usiishone. Imekwisha kazi, tafuta nyingine."

"Na viatu?" Angwenyi aliuliza kwa sauti ndogo. "Vya kanisani?"

"Mungu anaona viatu vya Jumatatu pia," Tryphosa alisema.

Siku hiyo vitu vyote vilirudi sandukuni. Tryphosa alitoa glavu. Miwani ilipatikana chini ya kitanda. Kuku alitolewa kwenye kofia, na alisema maneno mengi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kila asubuhi Angwenyi alivaa zote kabla ya kuwasha msumeno. Wenzake walimcheka. Walimwita askari. Walimwuliza vita viko wapi. Yeye hakuwasikia, kwa sababu masikio yake yalikuwa yamefunikwa vizuri.

Mvua za Aprili zilipokuja, walikuwa wanakata mikaratusi kwenye mteremko. Udongo ulikuwa unateleza kama sabuni. Angwenyi alimaliza kukata tawi, akageuka kabla mnyororo haujatulia. Mguu wa kulia uliteleza. Msumeno ukamwangukia kwenye paja la kushoto.

Injini ilikohoa. Ikanyamaza.

Wenzake walimkimbilia. Walimkuta amekaa kwenye matope, amezungukwa na nyuzi nyeupe, anatazama mguu wake kama mgeni. Hakuna aliyesema askari.

Alifika nyumbani kabla ya mchana, akitembea kwa miguu yake. Tryphosa alikuwa uani na Nyamusi, wakimenya ndizi. Tryphosa aliona kinga iliyochanika, na kisu kikamponyoka.

"Vua!" alisema.

"Hapa?"

"Hapa hapa! Vua nione!"

Angwenyi alifungua mikanda, akaanza kuishusha suruali. Nyamusi aligeuka haraka akatazama migomba, kwa sababu mama hamtazami mtoto wake mtu mzima akiwa hivyo, hata dunia ikiwa inaungua. Lakini masikio aliyaacha wazi.

"Mguu upo?" aliuliza.

Tryphosa alipiga magoti. Aliangalia mbele na nyuma. Alibonyeza paja huku na huku, mpaka Angwenyi akapiga kelele kwamba anamfinya.

"Upo, mama. Wote. Kuna alama nyekundu tu, kama ya kubanwa."

"Damu?"

"Hakuna, mama. Hakuna hata tone." Tryphosa akaufuta uso wake kwa kanga.

"Kesho nakwenda Kisii kwa Ouma," Angwenyi alisema. "Nitafute kinga nyingine. Bila hizo sikati hata kijiti."

"Vizuri," Nyamusi alisema, bado amewapa mgongo. "Sasa mwambie avae suruali. Migomba hii nimeshaitazama vya kutosha."