Karatasi Kumi na Moja

Alhamisi, saa kumi alasiri. Desemba 1948.

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma ya mkahawa, mtaa wa Kibokoni. Joto. Inzi. Mwalimu Mkuu Abdulhalim alichora mlango, dirisha na kasha la chuma.

"Ofisi ya elimu. Kesho saa sita wafunga, watu waende Ijumaa. Hufungua saa nane. Bahasha ya skuli yangu imo kashani. Jioni yapanda gari la moshi, Nairobi, kusahihishwa."

Chonga, mvunja kufuli, alicheka. "Twaiba mtihani uliokwisha fanywa?"

"Hatuibi. Twabadilisha." Mwalimu aliweka karatasi mezani. Majibu kumi na moja, kayaandika mwenyewe kwa hati za kughushi. "Mkaguzi wa skuli kaniambia, skuli ikianguka tena naachishwa kazi. Watoto hawa kumi na mmoja ni mizigo. Toeni zao, tieni zangu."

"Mizigo," alisema Kaingu polepole. Zamani alikuwa karani, akafukuzwa kwa kughushi mihuri. Lakiri, ile nta ya kufungia bahasha, ilikuwa kazi yake. Aliishi na wezi miaka sita, lakini hakuna aliyemchukiza kama mtu huyu.

Wa nne alikuwa Mejumaa wa Majengo, mfagiaji wa ofisi hiyo. Ufunguo wa mlango wa nyuma ulikuwa kwake. Mwanawe, Dzoro, alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja.

"Mwanangu atafaulu, Mwalimu?"

"Atafaulu, bibi. Nimemwandikia vizuri."

"Na zile za kweli?"

"Zichome pamoja na taka."

Ijumaa, saa saba kasorobo.

Askari mlinzi wa ofisi alikwenda msikitini. Mejumaa akafungua. Chonga alilipigia kasha magoti, akalisikiliza, akazungusha waya. Dakika nane. Kufuli ikalia.

"Upesi," alisema, akatoka kulinda mlango.

Kaingu alipasha kisu kwa mshumaa, akaibandua lakiri bila kuivunja. Akazitafuta nambari za wale kumi na mmoja. Karatasi ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili tupu. Ya tatu ilikuwa na picha ya jembe. Alisimama.

"Kuna nini?" aliuliza Mejumaa.

"Hawakujua kitu, dada. Hata kimoja."

"Ya Dzoro iko wapi? Nisomee."

"Hatuna wakati."

"Sijui kusoma, kaka Kaingu. Miaka saba nafagia nipate ada. Nisomee."

Kaingu alisoma kwa sauti ya chini. "Swali la kwanza sijui. La pili sijui. Bwana msahihishaji, nataka kujibu. Mwaka huu tulisoma Jumatatu tu. Siku nyingine Mwalimu Mkuu hutupeleka shambani kwake Kisauni kupalilia mihogo. Anayekataa hupigwa. Nisamehe."

Mejumaa hakulia. Alitazama mikono yake, kama aliyeshika kitu kilichooza.

"Kila jioni huja na matope," alisema. "Huniambia walikuwa wakicheza mpira."

"Nifanyeje?"

"Zirudishe."

"Na zake Mwalimu?"

"Zitie pia. Zote."

Saa saba na dakika ishirini.

Chonga aliingia. "Bado? Mwanamke huyu asimamia nini?" Akaona karatasi za kweli zikirudi ndani ya bahasha. "We Kaingu! Wafanya nini?"

"Kazi imebadilika."

Kisu cha Chonga kilitoka. Kaingu aliikinga bahasha kwa mkono. Kisu kikapasua kiganja. Damu ilidondoka sakafuni. Hakuiachia bahasha. Mejumaa alilishika fagio kwa mikono miwili, akampiga Chonga shingoni kwa mpini. Alianguka juu ya kiti.

Nje, watu walianza kutoka msikitini. Chonga aliusikia mchakacho wa viatu, akawatazama wote wawili, akatema mate. "Mtatufungisha sote." Akatoka mbio kuelekea barabara ya Ndia Kuu.

Kaingu alibandika lakiri kwa mkono mmoja. Mejumaa alifagia, akapangusa damu kwa kanga yake. Saa nane kasoro kumi kasha lilikuwa limefungwa.

Jumatatu, wiki ya tatu baadaye, saa nne asubuhi.

Nairobi walikuwa wamehesabu karatasi ishirini na mbili za watoto kumi na mmoja. Kumi na moja zilikuwa na kosa lile lile la tahajia, mahali pale pale. Polisi walimchukua Abdulhalim mbele ya wanafunzi. Kabla ya adhuhuri alikuwa kawataja wenzake watatu.

Kituoni walisimamishwa mstari mmoja. Chonga hakuwatazama wenzake. Kiganja cha Kaingu kilikuwa kimevimba, chatoa usaha.

"Niliwafanyia wema watoto hawa," alisema Abdulhalim. "Muulizeni huyu mama."

Mkaguzi wa skuli alimgeukia Mejumaa. "Ulikuwa na nafasi ya kuzichoma. Mbona hukuzichoma?"

"Nilitaka mtu asome alichoandika mwanangu."

"Nimesoma," alisema mkaguzi. Aliinamisha kichwa. Miaka miwili mfululizo alikuwa ameitembelea skuli ile, siku ya Jumatatu.

Mejumaa alifungwa miezi minne, Kaingu mwaka mmoja. Dzoro alirudishwa darasa la chini, akaanza upya hesabu za kugawanya.