Vumbi Juu ya Paneli

Kila Jumamosi asubuhi Sisimizi alipanda ngazi kufuta paneli ya sola iliyokuwa juu ya bati. Alikuwa msichana wa darasa la sita, na mama yake alimpa jina hilo la utani kwa sababu hakuwa mtu wa kukaa bure. Alichota maji, akaosha vyombo, akambeba mdogo wake. Lakini barabara ya mbele ya nyumba ilipoanza kuchimbwa, vumbi lilizidi, na kazi nazo zikazidi. Jumamosi moja aliitazama ile ngazi, miguu ikagoma. Mama alipouliza, akajibu kwamba ameshafuta. Wiki iliyofuata akajibu vivyo hivyo, na uongo wa pili haukumpa taabu.

Mama alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilitumia umeme wa sola, na sare za shule zilikuwa zimerundikana zikimngoja. Basi cherehani ikaanza kusuasua. Ikifika alasiri, inazimika. Mama akarudia ile ya zamani ya kukanyaga, akashona mpaka miguu ikamvimba. Jioni aliketi tu akijikanda vifundo, macho yameingia ndani.

Fundi wa sola alipoitwa alipima betri, akasema huenda imekufa, bora aende nayo karakana. Akaanza kufungua nyaya. Mama aliitikia kwa kichwa, hana nguvu hata ya kuuliza.

Sisimizi akashindwa kuvumilia. "Mama, paneli sijaifuta. Nilikudanganya."

Fundi akapanda juu, akaifuta kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa kilirudi kimejaa tope. Aliposhuka alimweleza Sisimizi kwamba paneli haihitaji joto, inahitaji mwanga. Mwanga ukipiga vile vipande vyeusi chini ya kioo, husukuma umeme utembee kwenye waya hadi kwenye betri. Vumbi likitanda, mwanga mwingi huishia hapo juu, na betri hulala njaa hata jua liwe kali namna gani.

Kesho yake betri ilijaa, cherehani ikashona hadi jioni.

Mama hakugomba. Alimketisha kando yake, akasema kwa sauti ya chini, "Kuchoka si kosa, mwanangu. Hata mimi nachoka. Ungesema, tungesaidiana. Lakini ukisema kazi imefanyika na haijafanyika, unamtwika mwenzako uchovu wako, naye hajui ametwikwa nini."