Nguo ya Kiyoyozi

Mimi ni mshona mapazia. Nashona pia vitambaa vya makochi na vya meza. Kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Friji ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata ndoo ya maji ina kofia yake. Mume wangu hunitania. "Nikikaa hapa dakika kumi bila kusogea," husema, "na mimi nitavalishwa."

Mama yangu mzazi anaishi nami. Ni mtu mzima sana, na ana presha. Kwa ajili yake tulinunua kiyoyozi, tukakifunga chumbani kwake. Humo humo ndimo ninamoshonea. Katika mtaa wetu tulikuwa wa kwanza. Nilitembea kifua mbele, sikatai.

Kiyoyozi chetu kina mashine mbili. Moja iko ndani, juu ukutani. Hiyo hupuliza hewa ya baridi. Nyingine iko nje, uani. Ile ya nje ilikuwa nyeupe pe! Nikaona vumbi litaiharibu. Basi nikaishonea nguo ya turubai nene la bluu, yenye marinda chini na vifungo nyuma. Ilipendeza, jamani, kila aliyepita aligeuka.

Kisha likaja joto. Nalo halikuwa la mchezo. Saa nne asubuhi bati lilikuwa tayari halishikiki. Kiyoyozi kilinguruma mchana kutwa, lakini chumba kilibaki kama jikoni. Mama akawa halali. Alikaa kitandani akijipepea na kipande cha boksi.

Mdogo wangu anakaa mtaa wa pili. Yeye naye alikuwa amenunua kiyoyozi, tena kidogo, tena cha mtumba. Siku ya Jumatatu alikuja kumchukua mama wakapunge upepo kwake. Mama alirudi jioni, uso umechangamka.

"Nimelala, mwanangu! Nimelala mpaka nimeota ndoto! Kwa mdogo wako ni raha tupu."

Neno hilo raha lilinichoma.

"Tena amesema nihamie kwake," mama akaendelea. "Jumamosi atakuja kunichukua. Joto la humu litaniua."

"Sawa, mama," nilijibu. Lakini sikuwa sawa. Nilikwenda kuosha vyombo, nikavunja kikombe.

Miaka tisa nimekaa na mama. Najua dawa ipi anakunywa saa ngapi. Najua anapenda mto mmoja, si miwili. Leo mtu aje amchukue hivi hivi, kwa ajili ya kimashine cha mtumba? Wivu ulinipanda.

Nikasema, atanitambua. Nilichukua rimoti, nikashusha namba mpaka kumi na sita. Kama chake kinatoa baridi, changu kitatoa barafu! Kisha nikafikiri, labda jua linaichosha ile mashine ya nje. Nikaivua nguo, nikaitia bitana, nikaivalisha tena. Sasa ikawa na nguo mbili kwa moja.

Mambo yakaharibika zaidi. Mashine ya ndani ikaanza kudondosha maji. Bomba lake likaota barafu kweli, lakini hewa iliyotoka ilikuwa vuguvugu.

"Mwite yule fundi wa mdogo wako," mume wangu akasema. "Yule mama wanayemwita Barafu."

"Yule? Simwiti! Aende akamsimulie mdogo wangu kwamba changu kimekufa?"

"Kwa hiyo mama aungue ili mdogo wako asijue?"

Nilinuna, nikarudi kwenye cherehani.

Siku ya Alhamisi mchana, mama aliinuka kitandani, akayumba, akakaa chini. "Kichwa kinanizunguka," alisema kwa sauti ndogo. Nilimtoa barazani penye kivuli. Nikampa maji kidogo kidogo, nikamfuta kwa kitambaa kibichi. Alipopata nafuu nilichukua simu, nikampigia Barafu. Wivu niliumeza hivyo hivyo, ukiwa mchungu.

"Hodi!" Alikuja amevaa ovaroli, ngazi begani.

"Karibu, fundi."

Hakwenda kwenye kiyoyozi kwanza. Alimwendea mama.

"Shikamoo, bibi. Umekunywa maji leo?"

"Marahaba, mjukuu. Nimekunywa, sasa najisikia vizuri."

Barafu akanigeukia. "Mtu mzima na joto hawachezeani. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au mwili ukiwaka moto, au akizimia, usinisubiri mimi. Mkimbize hospitali."

"Nimekuelewa," nikasema. "Sasa kiyoyozi kimeisha gesi. Nijazie tu uende zako."

Akacheka. "Nani kakwambia imeisha? Gesi hii si kama ya jikoni. Haitumiki ikaisha. Ikipungua, ujue inavuja mahali. Fundi akikujazia bila kutafuta inapovuja, amekuchezea."

Alizima umeme kwenye swichi ya ukutani. Kisha akapanda ngazi, akafunua mfuniko wa mashine ya ndani, akachomoa kitu kama wavu mwembamba. Kilikuwa kimejaa manyoya ya nyuzi na vumbi la vitambaa vyangu.

"Umefuga paka humu?"

"Ni nini hicho?"

"Chujio. Hewa yote inapita hapa. Likiziba, mashine haipumui, ndiyo maana bomba limeota barafu. Lioshe kwa maji, lianike kivulini, likikauka lirudishe. Wakati wa joto na vumbi, fanya hivyo kila baada ya wiki mbili. Hii haihitaji fundi. Unaweza mwenyewe."

Tukatoka uani. Barafu alipoiona mashine ya nje, alisimama. Akaizunguka. Akashika marinda.

"Dada, hii ni nini?"

"Nguo yake."

"Nguo?"

"Ina bitana," nikasema.

Barafu aliketi juu ya ndoo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilikunja uso. Nguo ile niliishona siku mbili!

"Nisamehe, dada yangu," alisema akijifuta. "Sikiliza. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachota joto la chumbani na kuja kulimwaga nje. Hapa ndipo kinapolimwaga. Wewe umepaziba! Nje ni digrii arobaini, halafu maskini ya Mungu umemvalisha koti."

"Na ya mdogo wangu je?" Swali lilinitoka lenyewe.

"Iko uchi kabisa. Imeachiwa nafasi pande zote."

"Lakini chake ni kidogo!"

"Ni kidogo, na bado kinapoza kuliko chako."

Sijui kipi kiliniuma zaidi, aibu au wivu. Nilianza kufungua vifungo mwenyewe, kimoja kimoja. Barafu akaniambia kwamba kivuli si kibaya, mradi kiwe juu na mbali, na hewa ipite. Akaniambia niondoe pia ndoo na magunia niliyoyaegemeza pale. Kisha akaosha mapezi ya mashine, yale mabati membamba yanayotoa joto, kwa maji ya taratibu, umeme ukiwa bado umezimwa.

Tuliporudi ndani alitazama rimoti.

"Kumi na sita! Unataka kufuga pengwini?"

"Nilitaka kipoe haraka."

"Hakiongezi haraka. Kitafanya kazi bila kupumzika, basi. Siku ya joto kali hivi, mashine ya nyumbani hushusha digrii kumi na kitu tu chini ya joto la nje. Weka ishirini na tano. Washa na feni ya kawaida, izungushe ile hewa. Na hiyo pasi hapo mezani?"

"Napigia mapazia."

"Mchana? Humu humu kwa bibi?"

"Humu humu."

"Haya. Na dirisha lile jua linapoingilia, pazia lake liko wapi?"

Chumba kile kilikuwa na mapazia thelathini ya wateja, yamekunjwa vizuri. Dirisha la mama lilikuwa tupu, maana nilitaka mwanga wa kushonea. Mama alicheka kutoka barazani. "Mwambie, mjukuu! Mimi hanisikilizi."

"Na nikisikia harufu ya kuungua?" niliuliza, nigeuze mazungumzo. "Au umeme ukikatika kila nikiwasha?"

"Zima kabisa, niite. Usifungue kitu."

Barafu ya bomba ilipoyeyuka yote, alirudisha chujio, limeshaoshwa na kukauka, akawasha. Baada ya muda hewa ya ubaridi ilinigusa shingoni. Nilimsindikiza fundi mpaka mlangoni.

"Tafadhali," nikamnong'oneza, "usimwambie mdogo wangu."

"Nimwambie nini? Yeye nyuma ya mashine yake nilikuta kuku amelalia mayai."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Siku hiyo hiyo nilihamishia cherehani na pasi sebuleni. Nikatundika pazia zito dirishani kwa mama.

Jumamosi mchana mdogo wangu alifika na begi tupu, kumpakia mama nguo. Nilikuwa nimejiandaa kumkoga. Maneno nilikuwa nayo tayari, ya kumwingia mpaka kwenye mifupa. Sikusema hata moja. Nilimshika mkono, nikafungua mlango wa chumba.

Mama alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mto wake mmoja kichwani. Chumba kilikuwa na giza zuri na ubaridi wa kiasi. Mdogo wangu alisimama mlangoni. Nilidhani atanuna. Akaanza kulia.

"Unalia nini?" nilimnong'oneza.

"Kile kiyoyozi sikununua kwa ajili yangu, dada. Nilinunua ili mama aje. Miaka tisa yuko kwako. Akiumwa, unajua wewe kwanza. Akicheka, unacheka naye wewe. Mimi nakuja kama mgeni, nakunywa chai, naondoka. Nakuonea wivu tangu siku ile ulipomchukua."

Wiki nzima nimekuwa nikimchukia kwa ajili ya mchana mmoja. Yeye alikuwa na miaka tisa ya mchana kama ule.

"Joto likipungua atakuja kwako," nikasema. "Mwezi mzima." Roho iliniuma nilipotamka, siwezi kudanganya. "Nitakuandikia dawa zake na saa zake."

"Mwezi mzima kweli?"

"Mzima. Lakini chujio uoshe, na kuku umhamishe."

Kitandani mama hakufungua macho.

"Mkimaliza kunigawana," alisema, "fungeni mlango. Baridi yote inatoka."

Tukaufunga, sote wawili tukiwa ndani.